Kompyuta Tujifunze, Biki Tusiitupe



Kuna swali linazunguka kati yetu siku hizi, na leo nataka kulijibu kwa urefu kidogo. Mnivumilie. Lilianza kwenye kipindi cha kompyuta. Mdogo wetu mmoja aliambiwa alete kaye na biki, akajibu: "Yaya, tuandike kwa mkono juu ya nini, na simu iko?" Watu walicheka, lakini ukiangalia vizuri, wengi walikuwa upande wake. Na si swali la kijinga. Simu inaandika, inasahihisha, inatafsiri, inatuma. Kijana anayetafuta kazi anaulizwa kama anajua kompyuta. Hakuna anayemuuliza kama ana mwandiko mzuri.

Jibu langu nalisema mapema, ili hata mwenye bando kidogo aondoke nalo. Kompyuta tujifunze kwa nguvu zote. Lakini katika haya maisha yetu ya ukimbizi, anayeacha kuandika kwa mkono anatupa chombo ambacho hakiombi chaji wala ruhusa ya mtu, na ambacho kinamlazimisha afikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Hicho chombo hatuna uwezo wa kukitupa. Matajiri wenyewe wameanza kukirudia, nitawaeleza.

Tuanze na jambo la karibu kabisa, mtihani. PLE, UCE na UACE hapa Uganda, KCSE kule Kenya, mitihani ya kidato cha nne na cha sita kule Tanzania, yote bado inajibiwa kwa kalamu. Hata mtihani wa serikali wa Kongo, ule tunaouita Exetat, una insha ya Kifaransa inayoandikwa kwa mkono. Sasa chukua kijana ambaye mwaka mzima alikuwa anapiga picha ubao kwa simu. Siku ya mtihani anapewa karatasi tupu na saa mbili. Akifika ukurasa wa pili vidole vinauma, herufi zinaanza kulala, na mawazo anayo lakini mkono haufiki. Msahihishaji hamjui mtoto wa nani, hajui kambi gani, hajui alilala na njaa. Anaona karatasi tu. Kile asichoweza kukisoma hakipewi alama, kwisha.

Mtu atasema, sawa, basi tuandike kwa sababu ya mtihani, siku wakileta mtihani wa kompyuta tutaacha. Hapana. Mtihani ni sababu ndogo. Nimeitaja kwanza kwa sababu ndiyo inayouma haraka.

Sababu kubwa iko katika ile picha ya ubao. Ukipiga picha, umebeba maneno ya mwalimu bila kuyagusa. Yako ndani ya simu, katikati ya picha za harusi na vichekesho, na wewe unajiambia utayasoma jioni. Jioni moto wa simu umeisha. Lakini ukiandika kwa mkono, kuna jambo linatokea bila wewe kujua. Mkono ni mzito kuliko mdomo wa mwalimu, hauwezi kukamata kila neno. Basi kichwa kinalazimika kuchagua: hili ni la maana, lile ni mfano tu, hapa nafupisha. Kule kuchagua ndiko kuelewa kunakoanzia.

Si mimi niliyelitunga hilo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo. Wengine waliandika maelezo ya somo kwa kompyuta ndogo, wengine kwa mkono. Wale wa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, karibu kama yalivyosemwa. Kwenye maswali ya kukumbuka mambo tu, walilingana. Kwenye maswali ya kuelewa na kuunganisha mawazo, wale wa kalamu walifanya vizuri zaidi. Nisiwafiche: watafiti wengine walirudia majaribio hayo baadaye, na tofauti haikuonekana kila mara kwa ukubwa uleule. Kwa hiyo sisemi kalamu ni dawa ya kila kitu. Nasema ile sababu waliyoitoa, kwamba mkono unakulazimisha uchague, kila mmoja wetu anaweza kuijaribu mwenyewe kesho darasani na kuona.

Mwaka 2024 huko Norwe, Ruud van der Weel na Audrey van der Meer waliwavisha wanafunzi 36 kofia yenye vihisio 256 vinavyosoma umeme wa ubongo. Wanafunzi waliandika maneno kwa kalamu ya kidijitali, kisha wakayachapa kwa kidole kwenye kibodi. Walipoandika kwa mkono, sehemu mbalimbali za ubongo ziliwasiliana sana kuliko walipochapa. Hawakupima nani alikumbuka zaidi baadaye, kwa hiyo tusiwawekee maneno mdomoni. Ila angalieni jambo moja: ile kalamu ilikuwa ya kidijitali, waliandika juu ya skrini. Maana yake siri haiko kwenye karatasi. Iko kwenye mkono unaolichora kila neno kwa mwendo wake. Kwenye kibodi, A na M ni mgongo uleule wa kidole.

Na wale wadogo zetu je, wale wanaoanza herufi? Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt walichapisha utafiti wa watoto ambao walikuwa hawajajua kusoma. Watoto walijifunza herufi kwa njia tatu: kuzichora wenyewe, kufuatisha alama zilizochorwa tayari, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Baadaye walipoonyeshwa herufi wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, zile sehemu za ubongo ambazo mtu mzima hutumia kusoma ziliamka kwa herufi ambazo mtoto alizichora mwenyewe. Herufi ya mtoto inatoka imepinda, kubwa, mbaya, na katika kuihangaikia ndiyo anaijua. Kwa hiyo wewe dada unayempa mdogo wako simu ili anyamaze, mpe na kijiti achore jina lake kwenye vumbi. Vumbi tunalo la kutosha.

Niliahidi kuzungumza juu ya matajiri. Uswidi, nchi ambayo shule zake zilijaa kompyuta mapema, mwaka 2023 serikali yake ilianza kutoa pesa kurudisha vitabu vya karatasi darasani na kuweka mkazo tena kwenye kusoma na kuandika kwa mkono. Jimbo la California, kwenye makao ya Google na Apple, lilipitisha sheria mwaka huohuo 2023 kwamba watoto wa darasa la kwanza hadi la sita wafundishwe mwandiko wa kuunganisha. Finland mara nyingi inatajwa kama nchi iliyofuta kalamu, lakini ilichoacha mwaka 2016 ni kulazimisha herufi za kuunganisha tu. Watoto wake bado wanaandika kwa mkono. Sasa fikirieni. Wenye kompyuta kila dawati wanarudi kwenye kalamu, halafu sisi ambao kompyuta 1 tunaizunguka watu kama kuku kwenye mahindi, ndio tunataka kuitupa kalamu kabla ya kompyuta kufika! Tutabaki bila hii wala ile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma mimi binafsi. Jioni huwa nasaidia vijana wenzangu kuandaa barua za kuomba skolashipu na kazi. Wengi wanakuja na barua iliyokwisha tayari, imetoka kwenye zile programu za akili mnemba, unaiuliza na inakuandikia. Kiingereza safi, hakuna kosa hata moja. Tatizo ni kwamba barua za watu watano zinafanana kama mifuko ya posho. Wote wana "shauku kubwa", wote wanataka "kuleta mabadiliko chanya katika jamii", wote wamepitia "changamoto nyingi" ambazo hazitajwi. Ukibadilisha majina, hakuna atakayejua. Na mtu aliyekaa mbele ya mamia ya barua atajuaje kwamba wewe ndiye wa kuchukuliwa?

Kuna kijana mmoja, sitamtaja, nilimwomba aifunge simu na aandike nusu ukurasa kwa biki, kwa Kiswahili chake hikihiki, juu ya wiki yake iliyopita. Alilalamika kwanza. Kisha akaandika kwamba anatengeneza redio za majirani, wasio na pesa wanamlipa maharage, na kwamba redio moja ya mzee jirani ilimchukua siku 4 kwa sababu hakuna spea, ikabidi afungue redio iliyokufa achukue waya. Nusu ukurasa, umejaa mistari iliyofutwa. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu! Kulikuwa na fundi, na jirani, na mtu asiyekata tamaa, bila yeye kuandika popote neno "sikati tamaa". Tukalitafsiri, tukalichapa kwa kompyuta, likawa barua yake.

Hapo ndipo kazi za hivi vyombo viwili zinapogawanyika, kwa maoni yangu. Kompyuta ni nzuri sana kwa kupanga, kusahihisha na kutuma. Lakini ukianza kuandika ndani yake, hasa hizi za siku hizi, kabla hujamaliza neno lako inakupendekezea neno lake. Na neno lake ni lile ambalo watu wengi hulitumia. Ukilikubali, ukakubali na la pili, mwisho umesema walichosema watu wote. Karatasi haina pendekezo. Inakungojea. Ukikaa kimya nayo inakaa kimya, mpaka utoe kitu kutoka tumboni. Sisi ambao tangu tumefika huku kila siku kuna mtu anatusemea, shirika linatusemea, ripoti inatusemea, mwandishi wa habari anatusemea, tunahitaji mahali ambapo hakuna wa kutusemea.

Tena mwandiko wenyewe unatujua. Wale wenye walianza shule Kongo au Burundi walifundishwa herufi za kushikana, zile za kuviringisha bila kuinua biki. Namba 1 yao ina kofia ndefu, na namba 7 yao ina mkanda katikati. Mtoto anakuja Uganda, mwalimu anatazama hesabu yake, anaona 1 yenye kofia, anaisoma 7, anaweka mkasi. Wengi wetu tulipitia hapo, tukajifunza kuandika 1 kama kijiti. Ni jambo dogo, ndiyo, na kuzoea mwandiko wa shule unayosoma ni akili. Ila linaonyesha kwamba mkono wa mtu unabeba nchi yake na mwalimu wake wa kwanza, hata kama hakubeba begi. Mama yangu akiona bahasha kwa mbali anasema, "Hii ni ya dada yangu," kabla ya kusoma jina.

Na hilo lina faida ya kweli. Mnajua zile barua za Msalaba Mwekundu, kwa wale waliopotezana na familia wakati wa kukimbia. Unapewa fomu, unaandika habari za kifamilia tu, siasa hapana, inabaki wazi bila gundi ili ithibitishwe, kisha wanaitafutia mwenyewe hata kama yuko nchi nyingine. Mzazi anayeipokea anaangalia mwandiko kwanza. Leo mtu yeyote anaweza kukutumia meseji, "Mama, hii ni namba yangu mpya, nimekwama, nitumie pesa," na kina mama wangapi wameliwa hivyo? Lakini mwandiko wa mtoto wako, ule wa R iliyopinda toka darasa la pili, si rahisi mwizi kuujua.

Hapa niwape habari ya biki yenyewe, maana nadhani wengi hamuijui. Kalamu hii tunayoinunua dukani iliboreshwa na mtu aliyekimbia kwao. Jina lake László Bíró, alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 29 Septemba 1899, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mwandishi wa habari. Kalamu za wino za wakati ule zilikuwa zinamwagika na kuchafua karatasi, na yeye aliona kwamba wino wa mashine za magazeti unakauka haraka. Ila ule wino ni mzito, haupiti kwenye ncha ya kalamu ya kawaida. Yeye na ndugu yake György, ambaye alijua kemia, wakaweka kijigololi kidogo kwenye ncha, kinazunguka na kupaka wino kadiri unavyoandika. Mwaka 1938 akapata hataza. Lakini Hungaria ilikuwa inaanza kutunga sheria dhidi ya Wayahudi, Bíró akatoka, mwisho akafika Ajentina, na huko akapata hataza nyingine mwaka 1943. Baadaye Mfaransa Marcel Bich alinunua haki ya kuitumia kazi hiyo, na mwaka 1950 akatoa ile kalamu ya bei nafuu yenye mwili wa plastiki unaoonyesha wino. Sisi wa Kongo tunaita biki, kutoka jina la huyo Mfaransa. Wenye Kiingereza cha Kiingereza wanaita biro, kutoka jina la huyo mkimbizi. Ajentina mpaka leo inaadhimisha siku ya wavumbuzi tarehe 29 Septemba, siku aliyozaliwa. Kwa hiyo anayekuambia mkimbizi ni wa kupokea tu, mwonyeshe anachoandikia.

Sasa jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nani ataandika habari zetu?

Mnamjua Anne Frank. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1929, familia yake ikakimbilia Uholanzi kwa sababu ya Hitler, na vita vilipowafikia huko wakajificha kwenye vyumba vya nyuma vya ofisi mjini Amsterdam. Alikuwa na daftari alilopewa kwenye siku yake ya kutimiza miaka 13, Juni 1942. Machi 1944 alisikia redioni waziri wa Uholanzi aliyekuwa London akisema kwamba baada ya vita, shajara na barua za watu wa kawaida zitakusanywa. Akaanza kuandika upya kurasa zake kwenye karatasi huru, akiwa na miaka 14. Agosti mwaka huo walikamatwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwasaidia, Miep Gies, aliokota zile karatasi sakafuni akazificha kwenye droo bila kuzisoma. Anne alifia kambini mwaka 1945. Kitabu kilitoka mwaka 1947. Wakubwa wa wakati ule walikuwa na mashine za chapa na ofisi nzima za makarani. Lakini dunia inaijua ile nyumba kwa sababu ya mkono wa msichana mmoja.

Na tusifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Kiswahili chetu hiki kina desturi hiyo toka zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumwachia binti yake mawaidha. Anaanza kwa kumwita binti asogee na wino na karatasi. Kompyuta hakuna, umeme hakuna, mama anaondoka duniani na anataka maneno yake yabaki. Yamebaki. Tunayasoma leo.

Sasa geuza macho hapa kwetu. Kuna wazee na kina mama kwenye zoni zetu, Base Camp, Juru, Rubondo, wanaojua kijiji kilikuwa wapi, mto uliitwaje, nani alizikwa wapi, shamba liliishia kwenye mti gani. Baadhi wametoka Kongo mwaka 1996 na hawajarudi. Kila msimu tunazika mmoja wao. Tunawarekodi? Mara chache, tena kwa simu, na simu ikiibiwa au ikianguka kwenye beseni la maji, mzee amekufa mara ya pili. Siku amani itarudi, na tuombe irudi, mtu atauliza shamba hili ni la nani, na wewe utakuwa na nini mkononi?

Najua jibu lenu, kwa sababu ni la kweli: karatasi nayo inaungua. Wengi wetu tulipoteza diploma, vyeti vya kuzaliwa, picha za wazazi, zote zikabaki ndani ya nyumba iliyochomwa, au zikaloa njiani. Mwenye picha ya cheti chake kwenye intaneti alifungua simu Uganda akakikuta. Hilo silipingi hata kidogo. Ndiyo maana nasema tusiweke mkono na kompyuta kupigana. Andika kwa mkono, kisha piga picha ukurasa, mtumie mtu mmoja unayemwamini aliye mbali. Simu ikifa, kaye ipo. Kaye ikiungua, picha ipo. Ila picha ya ukurasa ambao hukuuandika haipo popote.

Jingine pia ni la kweli: kuna wenzetu ambao mkono hauandiki. Yuko aliyepoteza mkono vitani, yuko asiyeona, yuko ambaye herufi zinamchanganya toka utotoni. Kwao kompyuta imefungua mlango ambao biki iliufunga, na mtu asije akatumia maneno yangu kuwanyima. Inayozungumza iwazungumzie, inayosoma iwasomee. Maneno yangu yanamwendea mwenye mkono mzima anayeuacha ulale.

Na yule anayesema mwandiko wake ni mbaya, ndugu yangu, nani amekuomba uzuri? Inatosha usomeke. Andika polepole, acha nafasi kati ya maneno, inua biki unapochoka. Mwandiko ni kama miguu, unakaza kwa kutembea. Mzee mmoja hapa alijifunza kuandika jina lake akiwa na mvi tayari, kwenye madarasa ya watu wazima. Siku ya kwanza aliyotia sahihi badala ya kupaka dole gumba wino, alizunguka na ile nakala ya karatasi wiki nzima anaionyesha. Herufi zilikuwa kama mbuzi wanaotoka zizini. Zilikuwa zake.

Kwa hiyo ombi langu kwa kikundi ni dogo na linawezekana. Vipindi vya kompyuta viendelee, na waalimu wake tuwaheshimu, wanajitolea. Lakini kila anayeandaa barua ya maombi aje na nusu ukurasa wa mkono kwanza, kabla ya kugusa kibodi. Wanafunzi wetu wa jioni wakiandika somo, simu zikae kwenye kikapu mlangoni. Na kila mmoja wetu achague mzee mmoja, si lazima awe wa ukoo, aende Jumamosi na kaye ya kurasa 48, amuulize kijiji chake kilianzia wapi na kiliishia wapi, aandike kama anavyosema, kwa lugha anayosema, Kiswahili, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda, Kishi, yoyote. Asisahihishe. Mzee akikosea mwaka, aandike alivyosema na aweke pembeni mwaka anaodhani.

Mwezi ujao tulete hizo kaye kwenye mkutano. Wanaojua kuchapa, hapo ndipo tutawahitaji: watachapa, watapiga picha kurasa, watahifadhi sehemu mbili au tatu. Mimi nimekwishaongea na bibi mmoja wa Rubondo kutoka pande za Fizi. Amekubali, ila ameniambia nije na biki mbili, kwa sababu maneno yake ni mengi.